Mguu wa Ermete

Haraka haraka ina baraka; polepole ndiyo inayoua. Ukiambiwa hivyo na mtu baki utamdhania amelewa, lakini katika karakana ya Scaltriti, nje kidogo ya Modena, mafundi waliijua kauli hiyo kama walivyojua majina ya wake zao. Hawakuitamka mbele ya mwenye mali. Huko nyuma, kwenye vumbi la kusugulia bodi, waliisema kwa namna yao kuhusu gari lao: "Rondone ukiingia nayo kona, usiionyeshe kwamba unaogopa." Kisha wakacheka.

Nives Ferriani hakucheka.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee katika chumba cha michoro, mwenye diploma ya ufundi na kalamu zilizochongwa kama sindano. Alikuwepo mwaka 1968 Mzee Scaltriti alipochoka kutengeneza magari yenye injini mbele kama majirani zake. Mzee akaihamisha injini, akaiweka nyuma ya viti, kama mama afungavyo mtoto mgongoni. Likatoka gari fupi, la chini, jepesi, ambalo akalipa jina la mbayuwayu mweusi asiyetua chini: Rondone. Katika miaka mitatu zilitoka Rondone thelathini, na kila moja iliondoka uani watu wakiisindikiza kwa macho hadi ipotee.

Mbili kati ya hizo zilirudi juu ya lori.

Ya kwanza ilikuwa ya wakili wa Parma, aliyeingia mtaroni akavunjika mtulinga. Ya pili ilikuwa ya mfanyabiashara wa chuma wa Brescia, aliyegonga mti wa mforosadi kwa upande, na hadi Oktoba hiyo ya 1971 alikuwa hajaweza kusimama kwa miguu yake. Karakana ilitoa hukumu ileile mara mbili, kwa maneno mawili: mguu mbaya.

Nives alimpigia simu mke wa yule wa Brescia, kwa siri, kutoka kwenye baa ya mtaani kwao. Mama yule alisema mumewe hakumbuki mengi. Anakumbuka kwamba katikati ya kona aliona anakwenda kasi, akaogopa, akaondoa mguu kwenye mafuta. "Akasema gari liligeuka kumtazama," alisema yule mama.

Tangu siku hiyo Nives hakuwa na amani. Alikwenda mezani kwake akapiga hesabu, akazirudia, kisha akazirudia tena akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Uzito wa Rondone ulikaa katikati, karibu na mgongo wa dereva, na huo ndio uliokuwa utamu wake, maana gari liligeuka upesi kama wazo. Lakini fremu ilikuwa fupi mno. Ukiinua mguu ghafla ndani ya kona, uzito huinama mbele, matairi ya nyuma hubaki hayana kitu cha kushika, na mkia huanza kukitafuta kichwa. Na binadamu akiogopa huinua mguu. Hafundishwi, huzaliwa hivyo. Sentimita saba zaidi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma zingempa mtu nafasi ya kuogopa na bado akafika nyumbani. Alizichora hizo sentimita saba, akampelekea Mzee.

Mzee Scaltriti hakuufungua mchoro. "Gari hupimwa kwa mguu, binti, halipimwi kwa rula," alisema. "Na mguu ninao. Nenda kamuulize baba yako."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwa Scaltriti hakuna gari lililotoka bila kupandishwa mlimani na Ermete Ferriani, baba yake Nives. Ermete alivaa viatu vya ngozi ambavyo fundi viatu alivipunguza soli ya kulia hadi ikawa kama karatasi, akapanda hadi kijiji cha Serramazzoni, akanywa kahawa akiwa amesimama, akashuka, akachukua kadi ya gari na kuandika neno moja: Linakwenda. Chini yake akatia sahihi. Wateja waliiweka kadi hiyo kwenye fremu ya kioo sebuleni. Magari yote thelathini yalikuwa nayo, hata lile lililokumbatia mforosadi.

Namba thelathini na moja ilikuwa imekwisha pata mnunuzi. Daktari mmoja wa meno kutoka Bologna, jina lake Fabbroni, angekuja kuichukua Jumamosi saa nne asubuhi.

Ijumaa mchana, nyumbani, Nives hakuweza kumeza. Mama yake, Argia, alikuwa upande wa pili wa meza akifunga tortellini za Jumapili, kipande cha unga na tone la nyama, kidole kinazunguka, kimoja kinadondoka, kingine kinafuata.

"Baba, ile kona ya Kinu kule mlimani unaipitaje?" Nives aliuliza.

"Kama kila mtu. Gia ya tatu."

"Na mguu?"

"Mguu upo pale Mungu alipouweka."

"Umewahi kuuinua katikati?"

Ermete alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kula supu kwa uma. "Niuinue kwa nini? Mguu unainuliwa kabla ya kona. Ukishaingia, umeingia. Ni kama ndoa."

"Kwenye ndoa mimi nimeinua mguu mara nyingi tu," Argia alisema bila kuacha kufunga. "Hukuona."

"Yule wa Brescia aliinua," Nives alisema.

"Yule wa Brescia ana mguu wa ng'ombe."

"Na kesho je? Daktari wa meno ana mguu wa nani?"

Ermete aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulipokatika hakupandisha sauti, aliishusha. "Unaniambia nimetia sahihi kwenye jeneza."

"Sijasema hivyo, Baba."

"Umesema. Umesema kwa Kiswahili cha shule."

Hakika hakusema Kiswahili, alisema "kwa lugha ya shule" kwa lahaja yao ya Modena, lakini sumu ni ileile. Aliondoka mezani supu ikiwa bado inatoa moshi. Argia alimtazama binti yake, mikono ikiendelea na kazi.

"Kama una hakika, umemvunja," alisema. "Kama huna hakika, umemvunja bure. Una hakika?"

"Ninayo."

"Basi kula. Mtu hagombani tumbo likiwa tupu."

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala uwandani kiasi cha kutoona geti la karakana. Nives alitumaini Fabbroni angechelewa. Alimkuta amekwisha fika kwa treni ya mapema, yeye na mkewe, wamekaa kwenye benchi la ofisi kama watu waliokuja kuasili mtoto. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mikono misafi mno. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila dakika alishika tumbo kama mtu anayehakikisha mkoba wake bado upo.

"Wewe unafanya kazi hapa?" daktari alimuuliza. "Niambie ukweli, ni gumu kuliendesha? Mimi hadi leo nimeendesha kigari cha mama mkwe tu."

"Mtarudi kwa njia ipi?" Nives aliuliza.

"Ya milimani. Mke wangu anataka kuona majani ya vuli yanavyogeuka rangi. Anaogopa kona kidogo, lakini nimemwambia, ukiogopa useme tu, nitapunguza."

"Nitapiga kelele," mke alisema, akacheka.

Nives alikwenda uani bila kuaga. Mzee Scaltriti alikuwa pale, amevaa kofia yake ya kijivu, anaizunguka Rondone nyekundu na kuifuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Mafundi sita au saba walikuwa wakijifanya wana kazi karibu. Ermete alisimama pembeni, hakumtazama bintiye.

"Mzee," Nives alisema, "nipe gari hili kwa saa mbili. Niendeshe mimi, wewe ukae pembeni. Twende hadi Serramazzoni na kurudi. Tukirudi salama nitachana michoro yangu yote na sitafungua mdomo tena."

"Wewe unaendesha nini?" Mzee aliuliza.

"Kigari cha Fiat mia tano."

Mafundi walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, vaa chupi ya akiba."

Mzee naye alicheka, na kwa kuwa alicheka mbele ya watu, hakuweza tena kukataa. "Ermete, unasemaje?"

"Mwache aende," Ermete alisema, macho chini. "Gia ya tatu. Na usiutazame mtaro."

Ndivyo walivyotoka. Nives alikuwa amekwisha chagua mahali. Juu kabisa, kabla ya kijiji, kulikuwa na kona pana yenye shamba tupu la ngano pembeni, halina mti wala jiwe. Hapo angeinua mguu kwa makusudi, gari lizunguke kwenye mabua, Mzee aone kwa macho yake, hakuna wa kuumia. Alikuwa ameipima hata kwenye ramani. Aliyarudia hayo moyoni kama rozari.

Walipopanda mita mia tatu ukungu ulibaki chini, jua likawapiga machoni. Injini ilinguruma nyuma ya masikio yao kama kitu kilichopanda bila kulipa nauli. Mzee alianza kulegea. Alimweleza jinsi alivyolichora bawa la gari hili, bati lifunikalo gurudumu, kwa chaki ukutani, kwa mkono mmoja. Sauti yake ilikuwa ya baba anayemsifia mtoto, na Nives akaona aibu kwa alichokusudia kufanya.

"Ongeza," Mzee alisema. "Linakasirika likibembelezwa."

Aliongeza. Kona ya Kinu ikaja, kona ya kushoto yenye mtaro upande wa nje na mizabibu ng'ambo ya mtaro. Haikuwa kona aliyoichagua. Aliingia gia ya tatu, kama alivyoambiwa, gari likashika barabara vizuri hata akashangaa. Kisha, katikati, kona ikajikaza zaidi ya alivyodhani, na mbele yake akaona trela la zabibu limeegeshwa. Lilikuwa mbali, upande wa pili kabisa, halimhusu. Akili yake ililiona na kulipita. Mguu wake haukuuliza akili. Ulijiinua.

Mkia ulimpita ubavuni. Aliona barabara waliyotoka, kisha mlima, kisha barabara tena, na kelele ya bati kama mtu anayerarua shuka mpya. Halafu kimya. Walikuwa wametazama walikotoka, bawa la nyuma limekunjwa kwenye nguzo ya mzabibu, mtaro uko nyuma yao na hawakujua waliuruka vipi. Kofia ya Mzee ilikuwa mapajani mwake. Mzee alikuwa na damu juu ya jicho, nyembamba, inashuka bila haraka.

"Mzee, umeumia? Mzee?"

"Nyamaza," Mzee alisema. "Nasikiliza kama nimekufa."

Mkulima alitoka nyuma ya trela, mikono kiunoni. "Mmechelewa," aliwaambia. "Mavuno nimemaliza jana."

Simu ilipigwa kutoka kwa mkulima. Ermete alifika na gari la karakana baada ya dakika ishirini. Hakwenda kwanza kwa bosi wake, wala kwa binti yake aliyekaa kwenye kreti la zabibu akishika kifundo cha mkono kilichoteguka. Alikwenda barabarani. Alirudi nyuma polepole akifuata alama nyeusi za matairi, hadi zilipoanza. Akachuchumaa, akagusa lami kwa vidole.

"Uliinua hapa," alisema.

"Sikuinua mimi, Baba. Uliinuka."

"Mguu mbaya, Ermete," Mzee alisema, kitambaa usoni. "Umejionea mwenyewe."

"Mguu huo nimeuzaa mimi, Mzee." Ermete hakusimama. Alitazama alama, akatazama kona, akatazama tena alama. "Miaka mitatu napita hapa. Siku nyingine mara nne kwa siku. Sijawahi kuinua mguu hapa." Alisema kama mtu anayegundua kwamba mlango wa nyumba yake umekuwa wazi miaka yote, na watu wake wamelala ndani. "Sikuwa nalipima gari. Nilikuwa najipima mimi."

Daktari Fabbroni na mkewe walirudi Bologna kwa treni ya mchana.

Jumapili Ermete hakwenda misani. Alikaa mezani jikoni, amevaa shati jeupe, akamwambia Nives alete karatasi. Yeye alisema, Nives akaandika, kwa mkono mmoja mzima na mwingine umefungwa bandeji. Barua haikuwa ndefu. Ilimwambia mwenye Rondone kwamba asiinue mguu ghafla ndani ya kona, hata akiogopa. Apunguze kabla ya kuingia. Na kwamba gari lake lina fremu fupi kuliko inavyofaa, alirudishe lirefushwe. Waliandika barua ishirini na nane, moja kwa kila mtu ambaye bado alikuwa na gari la kuendesha. Wa Parma na wa Brescia hawakuwa na haja ya kuonywa. Kwao Ermete alisema ataandika mwenyewe, na alikaa na karatasi hizo mbili hadi supu ikapoa tena.

"Utaandika Mzee ameruhusu?" Nives aliuliza.

"Andika majina yetu. Ndiyo tuliyo nayo."

Jumatatu asubuhi Nives alizitia posta, akaingia kazini. Hakuwa amekaa kitini alipoitwa. Mzee Scaltriti alikuwa amesimama nyuma ya meza, plasta juu ya jicho, na juu ya meza ulikuwapo mchoro wa sentimita saba, umekunjuliwa. Mtu alikuwa amekwisha uwekea alama za penseli nyekundu. Ermete alisimama karibu na mlango. Naye alikuwa ameitwa.

"Fremu ya thelathini na moja inakatwa leo," Mzee alisema. "Inarefushwa kama ulivyochora. Na zote zitakazofuata. Tutaiita mfululizo wa pili, tutaipeleka maonyesho ya magari ya Torino. Umefurahi?"

"Tutasema imerefushwa kwa nini?"

"Kwa ajili ya miguu. Wateja warefu wanabanwa."

Na hivyo ndivyo ilivyosemwa. Leo wakusanyaji wa magari ya zamani hugombania ule mfululizo wa kwanza, mfupi, wanausifia kwamba ndio wenye damu ya kweli, na wakiufikia wa pili huambiana kwa utaalamu mkubwa habari ya wateja warefu.

"Na wale ishirini na nane?" Nives aliuliza.

"Walionunua wamenunua. Gari lina kadi, kadi ina sahihi." Mzee alimtazama Ermete kidogo, akarudi kwake. "Sasa sikiliza, binti. Mji mzima unajua nimelala kwenye mizabibu. Kwenye baa wananiuliza kama nachuma zabibu. King'ora cha saa sita kikilia, utasimama uani mbele ya watu, utasema uliendesha kwa uzembe, mguu wako ulikuwa mbaya, gari halina kosa. Utaomba radhi. Kisha utarudi mezani kwako, nitakuongezea cheo, mchoro huu utaufuatilia wewe. Nani mwingine angekupa hivyo?"

Nives alijua hakuna. Katika mji wenye karakana kumi za magari hapakuwa na mwingine ambaye angempa mwanamke hata penseli. Alijua pia kwamba akisema maneno hayo uani, jioni yangefika baa, na kesho yake yangefika Parma na Milano, na mtu mwenye barua mkononi angecheka, ahaa, yule msichana wa mguu mbaya, na kuitupa.

"Barua zimekwisha kwenda," alisema.

"Barua zipi?"

"Kwa wote ishirini na nane. Nimezitia posta saa moja asubuhi. Zinasema gari ni fupi na walirudishe."

Rangi ilimtoka Mzee, ikabaki plasta. "Nani kasaini?"

"Mimi," alisema Nives.

"Na mimi," alisema Ermete kutoka mlangoni. "Chini yake."

Mzee Scaltriti alikaa. Alipozungumza tena alikuwa hana hasira, na hilo lilimtisha Nives kuliko hasira. "Nimeijenga nyumba hii kwa mikono miwili. Umeichoma kwa stempu." Aliuvuta mchoro upande wake, akaulaza kiganja juu. "Uani hutasema tena kitu, mambo yamekwisha haribika. Lakini mimi utaniomba radhi. Hapa, sasa hivi, mbele ya baba yako. Neno moja, na kesho uje kazini. Ukikataa, chukua rula zako."

"Nives," Ermete alisema taratibu. "Neno moja tu, mwanangu. Halina gharama."

Aliwatazama wote wawili, mzee mwenye plasta na mzee mwenye viatu vyembamba. Akazihesabu kalamu zake mfukoni, moja moja, kama mtu anayefungasha.

"Hapana," alisema. "Radhi siombi."